Boriti Zako Zinazong'aa

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Mkate ~~nimeumaliza~~ uko kabatini, nimekuhurumia.

Fundi wa paa la chumba cha watoto akija, asipandishe hata moja ya boriti ulizonunua. Asubuhi umenifokea kwamba mbao ni mbao, huhitaji mkaguzi wa mbao, ingawa umemuoa. Haya, mtaalamu. Ulipoingia kuoga nimechomeka kisu kwenye boriti yako yenye vanishi: kimezama mpaka mpini, ukamwagika unga wa mbao iliyoliwa na dumuzi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ya kwako hata mti haumo.

Nimeilaza uani juu ya viti viwili. Kaa katikati unywe chai. Ikikubeba mpaka umalize kikombe, wanao watalala chini yake.

Mama Watoto, mkaguzi asiyehitajika