Mate Ndani ya Miwani

Kawe, Jumapili ya Januari

Hadi leo sikuwahi kumwambia mtu kwamba naogopa bahari, mimi niliyezaliwa hapa Kawe, ufukweni. Mjomba Seif, anayefundisha watalii kuzamia kwenye ile hoteli mpya, aliponivisha mtungi wa hewa nilitetemeka, nikasingizia baridi.

“Tema mate ndani ya miwani ya kuzamia, usugue, isishike ukungu.”

Niteme mate mbele ya mjomba wangu! Nikajifanya nimetema. Chini ya maji kioo kikawa cheupe, sikuona hata mkono wangu. Nikaibuka.

“Hukutema wewe.”

“Naona aibu, Mjomba.”

“Adabu hiyo iache nchi kavu! Hewa inaisha, na mtungi wa hoteli naurudisha leo. Unatema au tunaondoka?”

Nikatema.

Samaki wa manjano walipita mbele ya pua yangu bila kunijali. Na Mjomba, anayechechemea barabarani hadi watoto wanamwiga, kule chini aligeuka taratibu, mwepesi, mzuri ajabu. Nilisahau kuogopa.

Tulipotoka nilimwambia ukweli kuhusu woga wangu.

“Najua,” akasema. “Baridi gani hiyo, Januari hii?”

Nikambebea mtungi hadi hotelini, nikamwomba anichukue tena Jumapili ijayo.