Vitanzi vya Kukaza

Phanice,

Nimeenda Mbita, nitarudi jioni. Omena iko kwa sufuria, funika vizuri, unamjua huyo paka.

~~Fumua hiyo sweta yote uanze upya.~~

Asubuhi nilikufokea kwa sababu umenianzishia sweta na vitanzi vya kukaza mpaka sindano haipiti. Ukanuna, ukatoka bila chai. Nilipokaa nivifumue mwenyewe, nikaona kila kitanzi umekifunga fundo dogo chini. Hivyo ndivyo mama yangu alivyokuwa anaanzisha, akifuma na spoku za baiskeli. Mimi sikukufundisha hivyo. Kumbe Dani, nyanya yako, alikuonyesha kabla hatujamzika, na mimi nilidhani mkono wake umeenda naye.

Usifumue hata kimoja. Ni mimi nitaivaa, wacha inibane.

Mama