Baba Yako Alivuliwa Kofia

Wexcombe,
Massachusetts.
19 Septemba, 1774.

Mpendwa mjukuu wangu Jotham,

Miaka minne! Ulikwenda Halifax kuunda meli, hukwenda kuzimu, lakini umetupotea kama mtu aliyezikwa. Hujambo lakini? Kile kifua kimepona? Unakula? Mimi nipo, ila magoti yamegoma. Anayeniandikia ni Mercy, binti wa mchungaji. Nimemwambia asinipambie maneno.

Jotham, nyumba yetu imevunjika.

Unajua baba yako Eleazar ni hakimu kwa hati ya mfalme. Tangu Bunge la London litufungie bandari ya Boston na kutukataza mikutano yetu ya mji, hakimu wa mfalme hatakiwi hapa hata kuonekana. Jumanne wanaume wa wilaya nzima walijipanga mistari miwili, kuanzia kilabuni hadi kanisani. Baba yako akapitishwa katikati, kofia mkononi, akisoma karatasi ya kujiuzulu. Kila hatua chache wanamsimamisha aanze upya.

"Hatusikii, mheshimiwa!" mmoja akapayuka. "Mbona ukitufunga sauti huwa unayo?"

Wakaangua kicheko. Baba yako mdogo Asahel alikuwa mstarini, naye akacheka. Eleazar akainua macho, akamwona.

Asahel ameniapia kwamba alijipanga pale ili kaka yake asipigwe. Namwamini.

"Sasa ulichekea nini, mpumbavu we?"

"Kilinitoka tu, mama."

Nikamtuma akaombe radhi. Alibisha hodi mpaka akachoka, hakufunguliwa.

Sasa baba yako anafunga mizigo kuhamia Boston, kwenye askari wa mfalme. Asahel naye kachukua vijiko vyangu vya bati, anaviyeyusha kuwa risasi. Nikamuuliza, za kumpiga nani? Akaendelea kuchochea moto.

Kusali nimesali, maneno yameniishia. Naona nimezaa wawili, lakini nitazikwa bila hata mmoja.

Msalimie mkeo Keziah, na huyo kichanga ninayemsikia kwa watu tu mbusu utosini. Mungu awafunike.

Jumapili niliwatumia wanangu habari kwamba nakata roho, ili wakutane kitandani kwangu. Asahel akawahi, akanikuta nakanda mkate; habari ikamfikia Eleazar, naye hakuja. Hawaniamini tena. Basi ukija, fikia kwangu, si kwao, na siku hiyo hiyo waite wote wawili, useme bibi anakufa. Wewe watakuamini. Nitalala, nitanyamaza, na dhambi ya uongo huo niandikie mimi.

Bibi yako akupendaye hata usipojibu,
Submit Thornbury
(alama yake: X)