Kabati la Kushoto

Mpendwa Dada,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Shemeji, na kwamba mtoto hajashikwa tena na degedege. Mimi mwili haujambo, ila moyo hautulii. Nimeianza barua hii mara tatu nikaichana.

Unaijua kazi yangu hapa maabara: asubuhi na jioni nasoma joto la makabati mawili ya kukuzia seli za panya, naliandika daftarini. Seli zenyewe huzioni kwa macho. Unaona tu visahani vyenye maji ya rangi ya waridi. Zinataka nyuzi thelathini na saba, basi. Fundi wetu, tunayemwita Mama Glavu, husema zinadekezwa kuliko mumewe, maana mumewe akipata joto hununa tu, hafi.

Nilikueleza jinsi Daktari, mkuu wetu wa maabara, alivyoijaribu dawa yake ya kukinga seli na joto. Zilizotiwa dawa zilikaa kabati la kushoto, zisizotiwa la kulia. Kesho yake zote zikapashwa joto kali saa nzima. Za kulia zilijikunyata, zikabanduka, zikaelea kama vumbi. Za kushoto zilibaki zimeshikilia visahani. Daktari alicheka peke yake, akaniita nichungulie kwenye hadubini, akasema nami nina mkono wangu katika ushindi ule. Nikakimbilia kukuandikia kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Sasa umenijibu kwamba umeacha kumpeleka mtoto kliniki, unaingoja dawa yetu imkinge na homa, na kwamba mama mkwe wako ameshaitangaza mtaa mzima. Tangu niisome barua yako, Daktari akiniita nalificha daftari chini ya meza, kumbe anataka stepla.

Dada, ukweli ni huu. Jioni ya kabla ya jaribio nilikuwa napangusa kabati la kushoto kwa kitambaa, nikabonyeza kitufe bila kujua. Asubuhi nililikuta kwenye arobaini na moja. Nililirudisha haraka, nikaandika thelathini na saba, kwa mwandiko mzuri kabisa. Niliogopa kufukuzwa. Juzi, nikipanga majarida ya Daktari, nikasoma kwamba seli zikionja kwanza joto la wastani hujitengenezea kinga zenyewe, na joto kali likija huvumilia. Kwa hiyo huenda dawa haikufanya lolote. Huenda ni kitambaa changu.

Na hata kama ingefaa, haijawahi kugusa mwili wa mtu. Hilo nalo sikukuambia, kwa sababu nilitaka unionee fahari.

Daktari yuko chumba cha pili, anaandika ripoti ya kuitangaza dawa yake. Namsikia akigonga vitufe. Nikiifunga bahasha hii nitabisha mlango wake na daftari mkononi. Nimekuandikia wewe kwanza kwa kuwa seli zake zinaweza kungoja. Mama mkwe wako mwambie mdogo wako alidanganya. Aibu hiyo niachie mimi.

Msalimie Shemeji. Mtoto mguse paji la uso sasa hivi, na hata likiwa baridi, mfunge mgongoni mwende kliniki.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuomba radhi.