Alhamisi Kumi na Mbili

Embu,
Jumatatu, 3 Machi 2025.

Kwa dada yangu mpendwa Gatwiri,

Pokea salamu zangu kutoka huku Embu, ambako mvua inatutania: mawingu yanakusanyika asubuhi, mchana yanaondoka bila kuaga. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na kile kikohozi ulichokuwa ukikisikia kwenye simu kimepona. Natumaini nawe hujambo, na shemeji Salesio mgongo umempa nafuu, na yule ng'ombe mkaidi ameshazaa. Najua huu ndio wakati wa kutayarisha shamba la viazi, na najua hutaki msaada wa mtu.

Utashangaa kupata barua, ilhali tunaongea kila Alhamisi saa kumi, ukisharudi kupeleka maziwa. Nani siku hizi huandika barua? Sababu ipo na nitaifikia. Nipe tu nafasi nizunguke kidogo, maana wewe mwenyewe hunilaumu kwamba nikiwa na neno naingia nalo kama askari wa kanjo anayevamia wachuuzi.

Siku barua yangu ya chuo ilipokuja, Salesio aliuliza kama saikolojia ni ile ya kutibu wenda wazimu. Ukamjibu kwamba ni kazi ya kusikiliza watu, tena ukasema kwa maringo, kana kwamba wewe ndiye uliyeianzisha. Mama alikuwa ameshatuacha, na ni viazi vyako vilivyoshuka soko la Makutano kila wiki vilivyonifikisha hapa. Sijasahau. Nasema hivyo mapema ili usidhani baadaye kwamba nilikuwa nimesahau.

Watu hudhani mwanafunzi wa saikolojia hana pa kujishikiza. Si kweli. Ubao wa matangazo wa idara yetu umejaa karatasi hadi zinafunikana. Kuna kujitolea hospitalini, kuna chama cha wanafunzi, kuna laini ya simu ya ushauri ambayo tunaijibu kwa zamu. Kuna hata chumba kidogo cha mazoezi chenye viti viwili, zulia, boksi la tishu na mashine ya kurekodi sauti. Nimetumia kila kitu. Lakini hayo yote ni ya kila mtu, na kitu cha kila mtu hakimtoi mtu mahali.

Mwezi wa Septemba ilibandikwa karatasi nyingine. Nafasi moja, mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza, mwaka mzima katika maabara ya chuo kikuu kimoja Uholanzi, na akifanya vizuri anabaki kusoma zaidi. Mhadhiri wangu, Daktari Wambura, alituambia wale watu hawataki hojaji za kugawa darasani. Wanataka mshiriki mmoja mwenye msiba mzito, ahojiwe si chini ya mara kumi na mbili, asikilizwe hadi chini kabisa. Dada, nilikitaka kile kitu hadi nikajionea aibu. Nilikuwa naenda kusoma ile karatasi hata baada ya kuikariri.

Mwenzangu Nthiga, wa kule Kiambere, naye aliitaka. Mjomba wake alichukuliwa na mamba mtoni Tana, na mama yake hajawahi kulizungumzia jambo hilo. Nthiga akaenda nyumbani, akamketisha mama, akamsomea fomu ya idhini kwa Kimbeere, mstari kwa mstari. Alipofika mahali panaposema sauti yako itarekodiwa, mama akainuka akaenda kuangalia mbuzi, na hakurudi hadi alipoona karatasi imekunjwa. Nthiga akarudi Embu mikono mitupu, tena anatabasamu. Nilimcheka mbele ya watu. Nikamwambia hivyo sivyo mtu anavyoombwa. Akaniuliza mtu anaombwaje.

Mwisho wa Novemba nilikuja nyumbani Kiirua, unakumbuka. Nilikuja na fomu zangu za basari ya karo: ya kaunti, ya eneo bunge, ya chifu na ya kanisa. Wewe ukiwa jikoni, ugali unataka kuungua, ukazitia sahihi zote kwa mpigo juu ya Biblia ya Salesio, pale palipoandikwa mlezi, kama ulivyofanya kila mwaka. Kiirua nzima hakuna anayesoma fomu ya basari. Mtu hutafuta mstari, akaweka jina, akarudisha mwiko kwenye sufuria.

Wiki mbili baadaye nikaanza kukupigia. Tangu tumzike Kiambi wako mwaka jana sikuwa nimekupigia hata mara moja, nawe hukunilaumu. Alhamisi ya kwanza hukusema lolote la maana. Ya pili ulilia tu. Kufikia mwaka mpya ulikuwa unaniambia kwamba Jumatano unaoga na kufua leso ya kichwa, kwa sababu kesho yake mimi Kagwi wako nitapiga. Ukasema watu wameacha kukuita Mama Kiambi, wanaona haya, wanakuita Gatwiri kama msichana ambaye hajaolewa, na kwamba mimi peke yangu ndiye niliyebaki kukuita Mama Kiambi. Krismasi sikuja, nikasingizia kazi ya maktaba. Salesio alikasirika, ukanitetea.

Sasa nifike ninakokwenda. Alhamisi ya tisa, tarehe sita Februari, nilikuuliza ile siku ya Kiambi ilikuwaje. Nilikuuliza kwa sauti ya chini, jinsi tunavyofundishwa, kisha nikanyamaza, maana ukinyamaza vya kutosha mtu hujaza nafasi mwenyewe. Nikasikia upepo, nikajua uko juu kwenye lile jiwe kando ya bwawa, kwa kuwa shamba lenu lote halina netiweki isipokuwa hapo. Kisha ukasema:

"Nilikuwa naongea na wewe, Kagwi. Nilifungua geti ya bwawa mimi mwenyewe nikakaa kwa jiwe, juu hapo ndio network inashika. Nilimpa mgongo. Sikusikia kitu."

Ukaendelea. Ukasema Salesio hadi leo anaamini mtoto alipenya pale alipochelewa kukaza waya wa uzio, na kwamba kila Jumapili anaomba msamaha kwa waya ule, nawe unapiga magoti kando yake na huna mdomo wa kumwambia. Ukasema hukutaka kuniambia kwa sababu mimi ni mdogo na ningebeba. Ukaniomba msamaha kwa kuniambia.

Nakumbuka tulichokuwa tunaongea siku ile ya Aprili. Nilikuwa nakuhadithia viatu vya msichana tunayelala naye chumba kimoja, vilivyovunjika kisigino siku ya harusi ya dada yake. Nilizunguka na ile hadithi karibu nusu saa kwa sababu ulikuwa unacheka. Kiambi alipokuwa anateleza kwenye ile nailoni nyeusi iliyotandikwa bwawani, wewe ulikuwa unacheka viatu.

Uliponiambia hivyo mwezi uliopita, nilinyamaza muda mrefu, ukadhani nalia. Sikulia, dada. Nilikuwa naangalia taa nyekundu ya mashine, nihakikishe bado inarekodi.

Hizo fomu za Novemba hazikuwa nne. Zilikuwa tano. Ya tano niliikunja hata ukaona mstari wa sahihi tu, na hapo hapakuwa pameandikwa mlezi, paliandikwa mshiriki. Ulikubali kurekodiwa Alhamisi kumi na mbili. Nilikuwa kwenye kile chumba chenye zulia, simu juu ya meza, kiti cha pili kitupu. Kila ulichosema kimechapwa, kimehesabiwa mistari, kimewekewa rangi: manjano ni majuto, kijani ni tumaini. Kijani kiliongezeka wiki hadi wiki. Daktari Wambura alisema hajaona kazi kama hiyo kwa mwanafunzi wa umri wangu. Nimepita mchujo wa kwanza. Washindani tumebaki wawili, na yule mwingine mshiriki wake amefiwa na bibi wa miaka tisini.

Utauliza nilikuwa nikihisi nini. Nilikukasirikia. Hiyo ndiyo kweli. Ulikaa miezi kumi na mtoto aliyekufa, kisha siku moja ukaninyooshea kama mtu anayepokeza mzigo kwenye steji ya matatu, halafu ukaomba radhi. Kwenye ripoti nimeandika kwamba mshiriki alikuwa akiongea kwa simu na jamaa. Jamaa hana jina wala umri, wala haulizwi chochote. Nilipolichapa hilo neno nililala vizuri.

Wewe nimekuita Bi. G., mkulima wa viazi, Buuri. Ripoti itawekwa kwenye mtandao wa chuo wiki ya mwisho ya mwezi huu, pamoja na geti, jiwe na waya wa Salesio. Mwaka jana ni mtoto mmoja tu aliyefia bwawani huko kwenu, na watu wa Kiirua si wajinga. Kama unataka Salesio aisikie kwanza kutoka kwako, usichelewe.

Bado hujaambiwa kwa nini ni barua. Kwa kuwa sikukueleza mwanzoni madhumuni ya simu zangu, kamati ya maadili inataka mshiriki aandikiwe mwishoni, kwa lugha anayoielewa, aambiwe ukweli na haki zake. Bila kopi ya maelezo hayo faili langu haliendi popote. Kama si sharti hilo, dada, nisingekuandikia.

Una haki ya kujiondoa, na ukijiondoa kila kitu kinafutwa. Siku ni kumi na nne, nazo zinahesabiwa kutoka tarehe ya barua, si siku ya kuipokea. Nimeituma kwa sanduku la posta la kanisa, ndiyo anwani yako iliyo kwenye fomu. Katekista Riungu hulifungua Jumapili ya kwanza ya mwezi. Ya Machi ilikuwa jana. Kwa hiyo unasoma haya Aprili tarehe sita au baadaye, pengine bado umeshika kitabu cha nyimbo, na zile siku zimeisha wiki tatu zilizopita. Ningeweza kukupigia. Nilikaa na simu mkononi nikaiweka chini.

Hizi kurasa ni zako, zichome ukitaka. Ukurasa unaofuata ndio niliotoa kopi.

*

Kwa Mshiriki Nambari 1,

Asante kwa kushiriki katika utafiti wetu kuhusu majuto na tumaini kwa mzazi aliyefiwa. Mazungumzo yako na mtafiti kati ya tarehe 12 Desemba 2024 na tarehe 27 Februari 2025 yalikuwa vikao vya utafiti. Vikao vilivyopangwa vilikuwa kumi na viwili na vyote vimekamilika, hivyo hutapigiwa simu tena. Unaweza kujiondoa ndani ya siku kumi na nne kuanzia tarehe ya barua hii.

Ikiwa maelezo haya yamekusumbua kwa namna yoyote, unashauriwa kupiga laini ya ushauri ya wanafunzi, ambayo ni bure. Nambari imeandikwa nyuma ya ukurasa huu. Mpigaji haulizwi jina, na anayepokea haruhusiwi kutaja lake.

*

Dada, hapo chini naongeza kwa mkono, kopi haina. Msalimie Salesio, wasalimie majirani wote, na mwambie Katekista Riungu namshukuru kwa kutunza barua. Jitunze, kula, usiache kuoga Jumatano.

Ile laini tunaipokea kwa zamu, kama nilivyokuambia. Zamu ya Alhamisi, saa kumi, ni yangu mpaka nisafiri. Ukipiga nitapokea kama ninavyopokea mtu yeyote, na sitaruhusiwa kusema kwamba nakujua.

Ni mimi mdogo wako,
Kagwiria,
Mtafiti.