Kwa Nini Bado Tuko Pangani

Pangani,
Jumapili, baada ya ibada.

Dada yangu Tumpe,

Ugonile, dada. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji, na watoto wako pamoja na wangu, na mvua za huko Ibighi ziwe hazijauangusha tena ukuta wa jiko lako. Kifua cha mama kimepoa? Mwambie asitoke asubuhi na baridi bila kujifunika. Najua hasikii, lakini mwambie. Na mwanangu Lusajo bado anakusumbua na viatu vya mitumba? Mimi ni mzima. Nakula, nafua, nalala. Ukiniuliza zaidi ya hapo sina la kujibu.

Barua yako niliikuta posta. Unauliza mbona tumekawia hivi, na sisi tuliaga kwamba tunakwenda kuona kaburi na kurudi. Unasema mama mkwe amefikia kuuliza kama na sisi tumekufa. Hatujafa. Nitakueleza yote, nawe utachagua ya kuwaambia.

Unajua safari hii haikuwa yangu, ilikuwa ya mzee, baba mkwe wangu. Tangu ilipofika ile simu ya maandishi kwamba mume wangu Ambakisye amekufa huku kwa homa na mafundi wenzake wameshamzika, mzee hakutulia. Tulikaa matanga, watu wakala, wakalia, wakatawanyika, yeye akawa na neno moja tu: "Mwanangu hazikwi kwa karatasi. Nitakwenda nione udongo." Kiswahili chake ni cha kuokoteza, shemeji yangu mmoja kavunjika mguu na mwingine yuko Zambia, basi wakasema aende mjane. Nikasema sawa. Wangeniambia niende Kongo kwa miguu ningesema sawa vilevile.

Wewe wakwe zako waliacha mambo ya zamani, mnakula meza moja na kutaniana. Mzee wangu hakuacha. Kwake mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, halitaji jina lake, na wakikutana njiani anaingia migombani mpaka apite. Miaka yote ya ndoa yangu nimemjua kwa kikohozi chake na kwa visigino vyake. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye nimesafiri naye kutoka Tukuyu mpaka baharini!

Kwenye basi yeye alikaa mbele, mimi nyuma kabisa. Alilotaka nilijue alikiambia kikapu chetu. "Kikapu, waulize watu kama tumefika." Nami najibu nikitazama dirisha: "Bado, wanasema bado." Abiria walidhani mzee kachanganyikiwa, na kwamba mimi ni mwenye kiburi. Niliwaacha wadhani.

Uliniuliza mji wenyewe ukoje. Ni mdogo, dada, hata Tukuyu mjini ni pakubwa zaidi. Kuna mto unaoingia baharini, majumba ya zamani yanayobanduka chokaa, minazi, na joto linalokukalia kichwani kama mzigo wa kuni. Siku hizi kila kitu ruksa, basi wenye fedha wanajenga mahoteli ya makuti ng'ambo ya mto. Huko ndiko Ambakisye alikuwa akichonga milango na vitanda, tangu kiwanda cha chai kilipopata mwenyewe mpya na mafundi wakaambiwa waende nyumbani. Nimekwenda kuvitazama vitanda hivyo. Ni vizuri. Nilishika mguu wa kitanda kimoja, nikauacha.

Kwa watu wa mkono mfupi kama sisi kuna gesti ya Bi Mwanahamisi, karibu na soko. Chakula unakula kwa mama ntilie, wali wa nazi na samaki mdogo, na ukichelewa unapata mchuzi mtupu. Chumba cha mbele wamekaa wazungu wawili, kijana na msichana, wenye mabegi makubwa mgongoni. Mimi nilidhani kila mzungu ana hela za kumwaga. Hawa wanabania kuliko sisi! Wanagombania bei ya ndizi, msichana anafua nguo zake kwenye ndoo, na jioni wanagawana samaki mmoja. Siku ya kwanza alinisalimu kwa Kiswahili cha kitabuni, akauliza kama na sisi tumekuja mapumziko. Nikamjibu ndiyo. Sikuwa na nguvu ya kuanza hadithi nyingine.

Mzee alipoiona bahari alivua viatu, akaingia mpaka vifundoni. Kisha akainama, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. "Wameyaharibu," akakiambia kikapu. Yeye na ziwa lake la Masoko, anajua maji ni kitu cha kunywa. Alitembea ufukweni mbele, mimi nikimfuata kwa mbali, na watoto wa pale wakaulizana kama tumegombana.

Kaburini walitupeleka mafundi wenzake, baada ya kuwangoja zaidi ya wiki wamalize kazi ng'ambo. Ni kilima cha mchanga, kina msalaba mzuri wa mbao, wao wenyewe waliuchonga. Mzee alipiga magoti, akaushika udongo, akalia kwa sauti kama wanavyolia wanaume wa kwetu. Mimi nilisimama nyuma yake nikalitazama kaburi kama mtu anavyotazama shamba la jirani. Wewe uliniambia kwenye matanga, "Subi, lia basi, watu wanakutazama." Nilijaribu tena pale, dada. Haikuja. Nilikuwa nafikiria kwamba kandambili zangu zimeingia mchanga.

Tungerudi kesho yake. Lakini hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa heshima. Tulikuwa na chumba kimoja, cha pili tusingeweza kulipia. Mkwe na mke wa mwana hawalali chumba kimoja hata mbingu zianguke, kwa hiyo tangu usiku wa kwanza mzee alikuwa akichukua mkeka na kulala kibarazani. Bi Mwanahamisi alimwambia wazi: "Baba, hapa kuna mbu, chandarua kiko ndani." Mzee akacheka. Kwetu kwenye baridi mbu ni kitu cha kusimuliwa. Akasema chandarua ni cha kikapu. Yaani changu mimi.

Ilipompata homa ilimpata kwelikweli. Hospitali walimpokea vizuri, ila karani akaniuliza jina la mgonjwa. Nikasema ni mgonjwa wangu.

"Huyu ni nani wako?"

"Ni baba mkwe."

"Jina lake nani?"

"Andika baba yake Ambakisye."

"Dada, hulijui jina la mkweo?"

"Nalijua."

"Basi litaje!"

Watu kwenye foleni walianza kucheka. Sikulitaja. Mwishowe akaandika Mzee wa Tukuyu, na kwa jina hilo wakamtundikia dripu ya kwinini. Ilipoisha wakampa vidonge, wakasema arudi gesti apumzike, ila anyweshwe maji na uji kila mara, maana mwili umekauka na umri ni mkubwa. Daktari alinisisitizia mimi: "Asipokunywa, atakushinda." Nikaitikia nikitazama sakafu.

Sasa nani wa kumnywesha? Alilazwa chumbani, mimi nikahamia uani. Bi Mwanahamisi, Mungu ambariki, ndiye aliyemnyanyua na kumnywesha, na mimi kazi yangu ikawa kupika uji na kuupitisha mlangoni nikiwa nimegeuka. Bibi alivumilia siku za mwanzo. Kisha akanishika bega.

"Makubwa haya! Mgonjwa unampa uji kwa kisogo? Amekukosea nini huyu mzee?"

Nikamweleza. Nikamwambia kwetu ni heshima, na kwamba nikimtazama nitakuwa nimemvua nguo mbele za watu.

"Mbele za watu gani? Hapa Pangani nani anawajua?"

"Yeye ananijua, bibi."

Akatikisa kichwa, akasema wallahi kila nchi na wazimu wake.

Basi Ijumaa moja akaitwa msibani ng'ambo ya mto, kwa dada yake. Alipanda pantoni asubuhi, akaniachia nyumba. Adhuhuri nikasikia mzee anaita maji. Hakukiita kikapu, hakumwita mtu, alisema tu maji, maji, kwa Kinyakyusa. Niliingia kinyumenyume na kikombe, nikakinyoosha nyuma yangu. Nikahisi vidole vinakitafuta. Kikaanguka. Nikakijaza, nikanyoosha tena. Kikaanguka tena, na safari hii hakuomba kingine. Nilisikia pumzi yake tu, inakwenda na kusimama, inakwenda na kusimama.

Nilisimama pale nikitazama ukuta. Nitakuambia ukweli, sikuwa na huruma wala hofu, nilikuwa mtupu. Nilifikiri hivi: mwanawe alikufa kwa homa hii hii kwa sababu hakuwa na mtu wa nyumbani wa kumpa maji, na huyu atakufa naye, na mimi nipo hapa na kikombe mkononi. Nikageuka.

Dada, alikuwa Ambakisye.

Nilidhani homa imenipanda mimi. Zilikuwa nyusi zake zilizokutana katikati. Ulikuwa mdomo wake, ule unaoshuka kidogo upande wa kushoto kama mtu anayetaka kubisha. Masikio, kidevu, kila kitu, ila amezeeka na ndevu zimekuwa nyeupe. Watu wote mlikuwa mkijua kwamba wanafanana, sivyo? Hata watoto wangu wanajua, wamekaa kwenye magoti yake. Mimi peke yangu sikujua, na hakuna aliyewahi kuniambia, kwani nani angeanza kumweleza mwanamke sura ya mkwewe?

Nikasema, "Ambakisye." Nilisema kwa sauti.

Akafumbua macho. "Si yeye," akasema. "Ni mimi."

Nikamnyanyua kichwa nikakiweka mkononi, nikamwekea kikombe mdomoni. Alikunywa chote huku akinitazama. Ndipo nikakumbuka kwamba na yeye hajawahi kuniona.

"Kumbe ndiwe," akasema.

"Ndimi, baba."

"Ndaga, mwanangu," akashukuru. "Ongeza."

Nikaongeza. Na baada ya kikombe cha pili ndipo ilipokuja, dada, ile uliyokuwa ukiingoja. Nililia mpaka wazungu wa chumba cha mbele wakaja kugonga. Msichana akaingia, akaona mzee yu hai, akashindwa kuelewa, akakaa chini karibu yangu akanipa biskuti. Niliila huku nalia. Kisha ikakatika, nikarudi kuwa kama nilivyokuwa, na mpaka leo ndivyo nilivyo. Lakini walau najua ipo.

Mzee hajaniambia nigeuke tena. Mchana anakaa uani kwenye kiti, mimi nachambua mchele wa Bi Mwanahamisi, namtazama. Hatusemi mengi. Juzi alinisimulia jinsi Ambakisye alivyokuwa mdogo akajificha siku nzima kwenye mashamba ya chai asipelekwe shule, akacheka, na alipocheka ule mdomo ukashuka kushoto. Niliacha mchele. Alijua ninachotazama, akaendelea kucheka hata pale hadithi ilipokuwa imeisha.

Sasa hili uliweke moyoni mwako wewe na mimi. Mzee amepona. Daktari alishamruhusu kusafiri. Anakwenda kwa miguu mpaka pantoni na kurudi bila fimbo, na sahani ya wali anaimaliza na kuomba ukoko. Nauli ya kurudi tunayo, sijaigusa, na chumba hatukilipi kwa kuwa namfanyia Bi Mwanahamisi kazi ya jikoni. Lakini kila asubuhi ninajifunga khanga, ninaaga kwamba nakwenda hospitali, nazunguka soko la samaki, narudi.

"Daktari amesemaje?" ananiuliza.

"Anasema bado, baba."

"Basi bado," anasema, na anageuza kiti chake kuelekea kwenye mwanga.

Mzee si mjinga, Tumpe, nawe unajua. Na yeye anajua kama mimi kwamba tukishuka Tukuyu kuna mama mkwe, kuna wazee wa ukoo, kuna kanisa zima linalomtazama yeye kama mfano. Nikikanyaga uwanja wake nitainamisha kichwa, na yeye atageukia migomba, na ndivyo itakavyokuwa mpaka mmoja wetu afe. Ambakisye nilimzika mara moja bila kumwona. Mara ya pili nitamzika nikimwona, na siwezi kuharakisha.

Nisalimie mama, umwambie nakula vizuri. Nisalimie shemeji, na mjomba wetu wa Masoko, nimesikia kahawa mwaka huu imezaa, Mungu ashukuriwe. Msalimie wifi yangu aliyebaki na mama mkwe, na mke wa mchungaji aliyenishonea nguo nyeusi. Mwambie joto la huku limeifubaza. Wanangu wabusu wote, na uwape ndizi za kupikwa, mbalaga yenye maziwa, si wali kila siku.

Na mama mkwe akija tena kukuuliza, mwambie daktari anasema bado.

Ni mimi mdogo wako,
Subi