Ukuta wa Dani

Jumatatu, 14 Aprili

Nimefagia, nimechota maji, nimechemsha chai, nimefungua barua pepe. Hakuna kitu. Ufa umeongezeka. Jana uliishia kwenye msumari ambao Dani alitundikia leso yake. Leo umeupita.

Dani, mama yake Baba, alifariki Novemba. Mimi nalala katika nyumba yake kwa sababu binti mzima halali nyumba moja na wazazi wake. Mdogo wangu Ouma ana simba yake, nyumba ya kijana wa kiume, karibu na lango, bati jipya, mlango wa chuma. Mimi nina shahada mbili na nyumba ya marehemu. Na nyumba ya marehemu haitengenezwi. Mwenyewe akishaenda, inaachwa mpaka ianguke. Mila. Wanalitamka neno hilo kama mtu anayefunga mlango.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Omena za Mama, dagaa wake wa kuuza, hazijakauka tangu Jumapili. Zitaenda kwa watu wa chakula cha kuku. Harufu imeingia mpaka kwenye mto wangu.

Nimegusa ukuta, kipande sawa na kiganja kikabaki mkononi.

Niliandika tasnifu nzima kuhusu maisha mema. Msimamizi alisema ina kina. Hamna humo neno hata moja juu ya mtu aliyemaliza kazi zake zote saa tatu asubuhi na hana pa kwenda.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Wote wameenda kanisani. Nilisema tumbo linaniuma.

Nikachimba udongo wa kichuguu nyuma ya choo. Samadi, majivu, maji. Nikaukanyaga mpaka ukalainika. Nikaukandika ukuta kwa ndani, kutoka sakafuni hadi msumarini, mahali ambapo anayepita nje hawezi kuona. Nilikuwa na miaka minane Dani aliponifundisha. "Polepole. Ukuta si mtoto mtundu, usiuchape."

Mikono haikusahau. Kwa muda mrefu sikujifikiria hata mara moja.

Nilifurahi. Naandika neno hilo kwa aibu.

Jumanne, 22 Aprili

Kila siku kipande. Naamka mapema sasa. Juu ya msumari nimechora mapinde kwa vidole vinne, kama alivyochora yeye.

Ouma alikuja kuazima chaja. Akasimama mlangoni, akanusa.

"Daktari, mbona humu kunanuka ng'ombe?" Huniita daktari ili kunikumbusha kwamba sina kazi.

Nikasema ni omena.

"Omena zimeanza kula nyasi?"

Akaenda akicheka. Nimelificha beseni chini ya kitanda.

Alhamisi, 24 Aprili

Usaili Kisumu, chuo kimoja, nafasi moja. Watu watatu mezani. Wakauliza nimekuwa nikifanya nini tangu mkataba wangu wa kufundisha uishe. Nikasema utafiti. Mama mmoja alizitazama kucha zangu muda mrefu kuliko alivyotazama vyeti vyangu.

Wakati wa kurudi mvua ilianza tulipofika Otonglo. Sikuiwaza kazi. Niliwaza upande wa magharibi, ambao bado haujakauka. Hilo ndilo limenitisha.

Ijumaa, 25 Aprili

Mama ameuona.

Aliingia kuchukua chungu. Akasimama. Akaweka kiganja juu ya ukuta, palepale penye mapinde. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Awino. Nani amekutuma?"

Nikasema nimejituma.

"Unataka chira iingie boma hii? Unataka sasa nizike nani?"

Chira, laana inayowamaliza watu mmoja mmoja. Nikamjibu kwa Kiswahili cha darasani. Chanzo na matokeo. Ushahidi. Nilimwita mjinga bila kulitumia neno hilo, na akaelewa.

Mama alizika watoto wawili kabla yangu. Nilikuwa nalijua hilo nilipofungua mdomo.

Jumamosi, 26 Aprili

Baba amekuja, kofia mkononi. Huniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Mama, hii nyumba imeshaguswa, inashuka Jumanne. Wewe utaolewa, utakuwa na yako."

Nikamuuliza, nisipoolewa? Akawatazama ng'ombe.

Nachukia upole wake. Ninalo jina la Dani. Nyumba yake sina. Hata ile inayooza, sina.

Jumanne, 29 Aprili

Wameiangusha. Ouma na majirani wawili, kwa shoka na kamba. Kuta tatu zilianguka kabla chai haijapoa. Wangu ukakataa. Walisukuma kutoka nje, wakapumzika, wakasukuma tena.

"Huu ukuta umesoma!" Ouma akasema. Wote wakacheka. Nami nilicheka kidogo, halafu nikajichukia.

Mwishowe wakazikata nguzo. Ukalala mzima, kifudifudi, mapinde chini. Hakuna aliyewahi kuyaona isipokuwa Mama.

Jumamosi, 3 Mei

Nalala jikoni, kando ya mafiga. Chuo kimejibu. Mistari miwili. Wananitakia kila la heri.

Mama hajasema nami tangu ile Ijumaa. Ananipa chakula. Hanipi neno. Nimejaribu kuomba msamaha mara mbili, na mara zote mbili ikatoka kama hoja.

Jumatatu, 5 Mei

Asubuhi nimekuta beseni mlangoni pa jikoni. Udongo umeshakandwa, majivu yameshatiwa. Mimi sikuuchimba.

Mama alikuwa anajitwika omena kwenda Usenge. Hakunitazama.

"Ukuta wa hapa ni wangu," akasema. "Na mimi niko hai."

Akaenda.

Bado nina hasira. Na Mama, Baba, Ouma na bati lake, wale watatu wa mezani. Nimekandika nikiwa nayo. Siku moja jiko hili nalo halitakandikwa, nami sitakuwa na la kusema.

Leo nimefika dirishani.